Mwanga na Usomaji wa Jeni Katika Mizizi ya Mimea

Mzizi wajulikana kwa watu wote kuwa ni ile sehemu ya mmea ikaayo gizani. Mkulima apandaye huufukia, na mvua ikiufunua huurudishia udongo. Kwa sababu hiyo, mtu akiuliza mwanga wafanya kazi gani katika mizizi, swali lake huweza kuonekana kama swali juu ya jambo lisilokuwapo. Walakini wataalamu wa mimea wamethibitisha kwamba mzizi uliofunikwa kabisa hupata habari za mwanga ulio juu ya ardhi, na kwamba habari hizo hubadilisha namna jeni zake zinavyosomwa. Makala haya yaeleza jinsi jambo hili lilivyojulikana, na njia ambazo habari hizo hupitia. Mwishoni yaangalia baadhi ya maneno ambayo Kiswahili chahitaji ili kulieleza bila kumpoteza msomaji.

Mwanga kama chakula, na mwanga kama habari

Mmea una haja mbili mbalimbali na mwanga, na aghalabu watu huijua moja tu. Haja ya kwanza ni ya chakula: majani hutumia nguvu ya mwanga kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni. Katika kazi hii wingi wa mwanga ndio jambo kubwa. Haja ya pili ni ya habari. Kwa mwanga mbegu hutambua kama iko karibu na uso wa ardhi au imefukiwa mno. Mche hutambua kama uko peke yake au umezungukwa na majirani warefu. Na mimea mingi hutambua urefu wa mchana, nayo ikajua wakati wa kutoa maua. Katika kazi hii ya pili mwanga kidogo sana waweza kutosha, mradi uwe wa rangi ifaayo.

Charles Darwin, pamoja na mwanawe Francis, walichapisha mwaka 1880 kitabu kikubwa juu ya mijongeo ya mimea. Walionyesha kwamba mche mchanga wa nyasi ukifunikwa kincha chake tu hauinami tena kuelekea mwanga, ingawa sehemu inayoinama iko chini ya kincha hicho. Maana yake ni kwamba habari hupokewa mahali pamoja na kutendewa kazi mahali pengine. Katika kitabu hichohicho walieleza pia mizizi ya haradali, ambayo ikimulikwa ubavuni hupinda kuukimbia mwanga. Hivyo tangu wakati ule ilijulikana kwamba mzizi si kipofu kabisa; lakini hakuna aliyejua unaona kwa kitu gani.

Jibu la kwanza lilipatikana Beltsville, katika jimbo la Maryland nchini Marekani. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walieleza majaribio yao juu ya mbegu za saladi. Mbegu zilizomulikwa kwa mwanga mwekundu ziliota. Zilizomulikwa kwa mwanga mwekundu, kisha zikamulikwa kwa ule mwekundu ulio ukingoni mwa kuona kwa macho ya mwanadamu, hazikuota. Rangi hizo zilipobadilishwa zamu kwa zamu, mara nyingi kadiri walivyotaka, mbegu zilifuata ile ya mwisho. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani ya mbegu kuna kitu kimoja chenye hali mbili, kila rangi ikikigeuza kuwa katika hali yake. Mwaka 1959 kitu hicho kilipimwa kwa mara ya kwanza katika mimea, na jina lake likawa fitokromu. Ni protini iliyoshika rangi. Hali yake moja hunasa zaidi mwanga wa karibu na nanomita 660, na hali ya pili hunasa ule wa karibu na nanomita 730.

Tofauti hiyo ina faida kubwa kwa mmea. Majani hunywa mwanga mwekundu kwa ajili ya kutengeneza chakula, lakini ule wa ukingoni huuacha upite. Basi mmea ulio chini ya majani ya wengine hupata mwingi wa huo wa pili na kidogo cha wa kwanza, na kwa uwiano huo hujua kwamba una jirani. Baadaye vilitambuliwa vipokezi vingine: kriptokromu mwaka 1993 na fototropini mwaka 1997, vyote viwili vya mwanga wa buluu. Cha kushangaza ni kwamba vipokezi hivi havimo katika majani na mashina tu. Vimo mizizini pia, mahali ambapo mtu angedhani havina kazi.

Jeni husomwaje

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza maana ya kusomwa kwa jeni. Karibu kila seli hai ya mmea ina urithi wote wa mmea huo, ulioandikwa katika nyuzi ndefu za DNA. Sehemu ya uzi yenye maelezo ya kutengeneza protini fulani ndiyo jeni. Arabidopsis thaliana, gugu dogo la jamii ya haradali na kabichi ambalo wataalamu hulitumia zaidi ya mmea wowote, lina jeni za namna hiyo zipatazo 27,000, na urithi wake ulichapishwa mwaka 2000. Seli ya jani na seli ya mzizi zina jeni zilezile. Zinatofautiana kwa kuwa katika jani jeni fulani husomwa na nyingine hunyamaza, na katika mzizi hali huwa nyingine. Kusomwa ni kunakiliwa: nakala ya jeni hutolewa ndani ya kiini cha seli, ikatoka nje ya kiini, na kwa nakala hiyo protini ikaundwa.

Ni nani aamuaye jeni ipi isomwe? Ziko protini ambazo kazi yake ni kushika uzi wa DNA penye mwanzo wa jeni na kusababisha isomwe au isisomwe. Katika habari ya mwanga na mizizi, iliyo mashuhuri kupita zote ni ile iitwayo HY5. Jina hilo latokana na kazi ya Maarten Koornneef na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, ambao mwaka 1980 walieleza mimea ya Arabidopsis iliyokuwa na ila katika urithi wake: ijapokuwa iliota mwangani, mashina yake yalirefuka kana kwamba imo gizani. Mwaka 1997 Tokitaka Oyama, Yoshiro Shimura na Kiyotaka Okada wa Japani waliitambua jeni iliyoharibika katika kundi mojawapo la mimea hiyo, wakaona ya kuwa protini yake ni ya wale washikao DNA. Waliona na jambo jingine ambalo wengi hawakulitarajia: mimea hiyo ilikuwa na ila hata chini. Mizizi yake ya pembeni ilikua kupita kiasi, na mizizi haikufuata vema mvuto wa ardhi. Jeni iliyodhaniwa kuwa ya shina na mwanga ikaonekana kuwa na kazi mzizini.

Namna HY5 inavyotawaliwa yaeleza mengi. Gizani protini nyingine, COP1, huitia HY5 alama ya kuangamizwa, na seli huivunjavunja. Mwanga ukifika, vipokezi huizuia COP1, na HY5 hujikusanya ndani ya kiini. Hapo hushika maelfu ya mahali katika DNA na kubadilisha usomaji wa jeni nyingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwanga hauigusi jeni hata kidogo. Hugusa kipokezi, kipokezi humzuia mwangamizi, na yule aliyekuwa akiangamizwa hupata nafasi ya kufanya kazi. Mlolongo huu wa kuzuia mzuiaji ndio unaowachanganya wanafunzi, na mfasiri asiyeujua huweza kugeuza maana yote.

Habari hufika kwa njia gani

Hapa ndipo penye mzozo. Katika udongo wa kawaida mwanga hufifia upesi mno, wala haupenyi ila milimita chache. Mzizi ulio chini ya hapo hupataje habari?

Njia ya kwanza ni mwanga wenyewe kushuka ndani ya mmea. Mwaka 1982 Dina Mandoli na Winslow Briggs walionyesha kwamba miche iliyooteshwa gizani huweza kupitisha mwanga ndani ya mwili wake kutoka ncha moja hata nyingine, hata penye kupinda, mfano wa nyuzi za kioo zipitishazo mwanga. Mwaka 2016 wataalamu wa Korea ya Kusini na Ujerumani walieleza jaribio walilolifanya juu ya Arabidopsis iliyokuwa na majani mwangani na mizizi gizani. Waliona kwamba mwanga, hasa ule mwekundu wa ukingoni, hushuka kwa kupitia shina na kuiamsha fitokromu iliyo mzizini, na HY5 ikajikusanya hapo hapo. Ikiwa ni hivyo, vipokezi vya mzizini vina kazi. Hata hivyo mwanga ufikao kwa njia hiyo ni hafifu sana, na jaribio lililofanywa katika mmea mdogo haliwezi peke yake kuthibitisha mambo ya mti mkubwa.

Njia ya pili ni ya mjumbe. Mwaka huohuo wa 2016 Xiangdong Fu na wenzake wa China walichapisha uchunguzi uliotumia ufundi wa kubebesha, kama wafanyavyo wakulima wa maembe na machungwa. Shina la mmea mzima lilibebeshwa juu ya mzizi usiokuwa na HY5, nao mzizi ukarudia kufanya kazi yake. Walieleza kwamba HY5 iliyoundwa juu husafiri kupitia mirija ya chakula hata mizizini, na ikifika huiamsha jeni ya HY5 ya mzizi wenyewe. Kadhalika huiamsha jeni iitwayo NRT2.1, ambayo protini yake huvuta nitrati kutoka udongoni. Jambo hili lina maana kubwa. Majani yakipata mwanga mwingi hutengeneza sukari nyingi, na sukari hiyo haifai kujenga mwili wa mmea bila ya naitrojeni. Basi habari ya mwanga iliyoshuka huuambia mzizi uongeze naitrojeni kwa kadiri ya chakula kilichopatikana juu.

Mwaka 2018 Kasper van Gelderen, Ronald Pierik na wenzao wa Utrecht walionyesha upande mwingine wa habari hiyohiyo. Majani yalipoongezewa mwanga mwekundu wa ukingoni, kana kwamba yamezungukwa na majirani, mizizi ya pembeni ilipungua, ijapokuwa mizizi haikumulikwa. HY5 ilionekana kupunguza usomaji wa jeni za protini zinazosafirisha oksini, homoni ambayo bila hiyo mzizi wa pembeni hauchomozi. Mmea unaoshindania mwanga, yaani, huacha kuutandaza mzizi wake.

Si wote waliokubali kwamba lazima HY5 yenyewe isafiri. Mwaka 2020 ulitolewa ushahidi kwamba HY5 inayofanya kazi katika shina yaweza kubadilisha usomaji wa jeni mzizini pasipo yenyewe kushuka, kwa kuwa huweza kuwatuma wajumbe wengine. Na mjumbe mmoja yuko ambaye hana budi kuhesabiwa, naye ni sukari. Mwaka 2012 Stefan Kircher na Peter Schopfer wa Freiburg walieleza kwamba katika mche mchanga sukari inayotengenezwa na majani ya kwanza hushuka na kuuamsha mzizi ukue. Hapa ile tofauti ya chakula na habari iliyowekwa mwanzoni haina mpaka mkali tena, kwa sababu kitu kimoja kimekuwa chakula na tena habari ya kwamba chakula kipo.

Njia ya tatu ni ya mwanga kuufikia mzizi moja kwa moja karibu na uso wa ardhi, au penye ufa, au udongo ulipochukuliwa na maji. Mizizi hupinda kuukimbia mwanga wa buluu kwa kazi ya fototropini. Candace Galen na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba mimea yenye kipokezi hicho hustahimili ukame zaidi ya mimea isiyokuwa nacho, kwa sababu mizizi yake huenda chini kwa unyofu zaidi na kuacha udongo wa juu unaokauka upesi.

Mzizi uliofunuliwa hubadilika hata kwa macho. Bega la karoti likitokeza juu ya udongo huwa la kijani. Wataalamu wa Chile walieleza mwaka 2012 kwamba mzizi wa karoti uliokuzwa mwangani haunenepi kama kawaida wala haupati ile rangi ya machungwa, na kwamba usomaji wa jeni za rangi hiyo hubadilika. Lakini hata katika kugeuka kijani mzizi haujiamulii peke yake. Mwaka huohuo Koichi Kobayashi na wenzake wa Japani waliona kwamba mzizi wa Arabidopsis uliokatwa ukatengwa na shina hupata klorofili nyingi zaidi mwangani kuliko ule ulio na shina lake, kwa kuwa oksini inayoshuka kutoka juu ndiyo inayoizuia. Maadamu shina lipo, huuambia mzizi ubaki kuwa mzizi.

Kosa la sahani angavu

Mambo haya yamewarudia wataalamu wenyewe kwa namna isiyopendeza. Kwa miaka mingi mizizi ya Arabidopsis imechunguzwa katika sahani angavu zilizosimamishwa chini ya taa, ili mchunguzi aweze kuipima bila kuing'oa. Urahisi huo una gharama yake, kwa maana mzizi uliopimwa ni mzizi uliomulikwa mchana kutwa. Mwaka 2015 wataalamu wa Madrid walieleza chombo walichokibuni, kinachoacha majani mwangani na kuweka mizizi gizani ndani ya sahani ileile. Walipolinganisha, waliona kwamba mizizi iliyomulikwa ilikuwa mifupi, nayo ilitoa mizizi ya pembeni mapema zaidi. Ilipotiwa chumvi, au ikinyimwa lishe, au ikipewa homoni, iliathirika zaidi ya mizizi ya gizani. Hata wakati wa kutoa maua ulibadilika.

Kwa hiyo baadhi ya yaliyoandikwa juu ya mizizi na chumvi, au mizizi na njaa ya naitrojeni, yaeleza kwa kweli mzizi wenye taabu mbili, na moja ya hizo haikutajwa. Hapana sababu ya kuyatupa yote. Lakini msomaji wa maandishi hayo hana budi kuuliza kwanza kama mzizi uliopimwa ulikuwa mwangani au gizani. Swali hilo ni la lazima zaidi pale ambapo matokeo ya sahani yatatumiwa katika kuchagua mbegu za kupandwa katika udongo wenye chumvi au udongo mchovu.

Maneno ya kuelezea jambo hili

Maelezo ya namna hii yakitiwa katika Kiswahili hukutana na vizuizi vitatu ambavyo havikutokana na uhaba wa maneno, bali na wingi wake.

Cha kwanza ni kitenzi. Watu wengi husema kwamba jeni huwashwa na kuzimwa. Katika mambo mengine mfano huo hauna madhara. Lakini katika habari ya mwanga ni hatari, kwa sababu kuwasha na kuzima ni maneno ya taa na moto. Asomaye kwamba mwanga waiwasha jeni huweza kudhani kwamba jeni yenyewe yang'aa, au kwamba mwanga waifikia. Kuamsha na kunyamazisha ni bora, nayo yapatana na kusoma. Hali kadhalika neno kudhibiti, litumiwalo sana katika maelezo ya jeni, lina nguvu ya kuzuia kuliko ya kuachilia. HY5 huzuia hapa na kuamsha pale. Kuongoza hubeba pande zote mbili, na uongozi wa jeni wafaa kuwa jina la somo lote.

Cha pili ni jina la rangi. Mwanga wa nanomita 730 ukiitwa mwekundu wa mbali, Mswahili huelewa kwamba watoka mbali, na hilo silo. Umbali unaokusudiwa ni wa mahali pake katika safu ya rangi, mwishoni mwa yale ambayo jicho laweza kuyaona. Mwekundu wa ukingoni, kama ilivyotumiwa hapa, hauleti kosa hilo.

Cha tatu ni mwanga wenyewe. Nuru ina uzito wa dini na wa ushairi, na mtu akiandika kwamba nuru yashuka mizizini hatasomwa kama mtaalamu wa mimea. Mwangaza waelekea zaidi hali ya mahali palipo weupe. Mwanga ndilo neno lililo karibu zaidi na kitu kinachopimwa kwa vyombo; nalo lina mwenzi wake, yule mwanga wa ngeli ya watu atembeaye usiku kwa uchawi. Upatanisho hutenga maana hizo mara moja, kwa kuwa mwanga huu haufanani na mwanga huyu. Hata hivyo mwandishi wa sayansi apendaye kumpa mwanga nafsi, akasema kwamba mwanga aliuambia mzizi, hana budi kujihadhari.

Onyo hilo halihusu sarufi peke yake. Ikisemwa kwamba mwanga huamuru, shina humwambia, mzizi hutii, maneno hayo ni ya kurahisisha, na makala haya yameyatumia pia. Kitu kilichomo ndani yake ni kipokezi kinachogeuka hali, mwangamizi anayezuiwa, protini inayoshika DNA, na sukari inayoshuka katika mirija. Maelezo ya Kiswahili yatakuwa salama iwapo nyuma ya kila kitenzi cha mfano mwandishi aweza kutaja kitu kinachotenda, na mahali kinapotendea. Pale asipoweza, kama ilivyo bado katika habari ya HY5 isafiriyo au isiyosafiri, yafaa sentensi yenyewe iache nafasi ya shaka hiyo.